Likizo Ndefu: Mali za Mwanachuo Zilale Wapi?

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai. Kati ya kufunga na kufungua kuna likizo ndefu ya miezi miwili na zaidi. Wapo wanaoitumia kwa mafunzo ya vitendo, wapo wanaorudi kwa wazazi. Kila mmoja likizo humkuta na vitu vyake: godoro, ndoo, mtungi wa gesi, sufuria, pasi, vitabu, viatu na begi la shangazi kaja lililojaa nguo. Chumba kinatakiwa kuachwa. Vitu viende wapi?

Anayesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwao ni Kimara huita bajaji, na jioni yumo nyumbani na vitu vyake vyote. Anayetoka kata ya Bisibo, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, ana zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, kisha Biharamulo mjini, na kutoka hapo bodaboda hadi kwao. Shahada ni ileile, lakini gharama ya kuishi na vitu vyake haifanani.

Kwa sababu hiyo naweka mezani hoja hii: mwanachuo anayetoka mbali aache mali zake kulekule anakosoma wakati wa likizo ndefu, asizirudishe nyumbani. Wasemaji ni sita: mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, mama yake anayelima mahindi, maharage na pamba, wakala wa mizigo ya mabasi, mwenye nyumba wa Dodoma, mlezi wa bweni la chuo, na mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti. Sio watu mahususi. Ni hoja ambazo familia zetu zinabishana kila Julai, nami nimezipa sauti ili zikutane mahali pamoja.

MWALIMU: Karibuni, ndugu zangu. Tuanze na mwenye mizigo mwenyewe.

MWANAFUNZI: Shikamoo mwalimu, shikamooni wazazi wangu. Naunga mkono hoja. Nimepanga chumba Ng'ong'ona, Dodoma, karibu na chuo. Kutoka Dodoma hadi Biharamulo ni zaidi ya kilomita mia saba, na bado nina nafuu kuliko wenzangu wa Dar es Salaam, ambao wakifika Dodoma tayari wana nusu siku barabarani. Nikilipakia godoro basini, nikalishusha Biharamulo, nikalifunga kwenye bodaboda, halafu Oktoba nikarudi nalo kwa njia ileile, sehemu kubwa ya thamani yake inaishia kwenye nauli. Na likizo sina bumu. Fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na tunashukuru, ila ni kwa siku za masomo tu. Kila shilingi ya mzigo wakati wa likizo inatoka mfukoni mwa mama.

MZAZI: Inatoka kwangu, na ndiyo maana napinga. Godoro lile nililinunua kwa maharage. Kitu nilichokipata kwa msimu mzima wa jembe sitakilaza kwa mtu ambaye hata jina lake silijui. Mtoto wa jirani aliacha vitu vyake kwa rafiki. Oktoba aliporudi, rafiki alikuwa amehama, simu haipatikani. Wazazi wakanunua upya kila kitu, hadi ndoo. Mwanangu, cha kwako ni kile unachokiona kwa macho.

MWALIMU: Mama, kikija nyumbani kitakaa wapi?

MZAZI: Kwenye chumba chake mwenyewe.

MWANAFUNZI: Mama, Julai chumba changu kina magunia. Nikirudi nalala na wadogo zangu, maana mahindi na maharage yamevunwa na hayana ghala jingine. Penye nafaka kuna panya, na panya wanapenda godoro kuliko sisi. Tena magunia yamechanganywa na dawa ya kuhifadhia nafaka. Godoro likae miezi miwili ndani ya vumbi la dawa ile, halafu nililalie mwaka mzima? Na kuta zetu za udongo, mchwa hawaachi kitabu kilichowekwa chini.

MZAZI: Hilo la magunia ni kweli, sikatai.

MWANAFUNZI: Lipo na jingine. Kunguni. Mabweni na vyumba vya kupanga vinasumbuliwa nao, kila mwanachuo anajua. Godoro likipanda basi, kunguni wamepanda. Likishuka Bisibo, wameshuka. Hapo shida ya chumba kimoja Dodoma inakuwa shida ya nyumba nzima huku.

WAKALA: Naomba niseme kama mtu anayeyafungua mabuti ya mabasi. Wanafunzi wanadhani mzigo unapimwa kwa uzito peke yake. Kwa kanuni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, abiria mtu mzima ana kilo 20 bila kulipa nyongeza. Begi la nguo na vitabu vichache vinaingia humo. Godoro la sponji halina kilo nyingi, lakini linakula nafasi ya mabegi manne, na buti ikijaa ni nafasi tunayouza. Ndiyo sababu godoro linatozwa na gunia dogo zito linapita. Mtungi wa gesi siupakii kabisa, ujazwe au uwe na mabaki. Gari lina watu, jua ni kali, barabara ndefu. Mwanafunzi akinibembeleza namwambia: mdogo wangu, mtungi urudishe dukani ulikoununua au umwachie mtu anayepika, lakini humu hauingii.

MZAZI: Na mizigo inayopotea njiani je?

WAKALA: Inayopotea mara nyingi haina jina. Mtu anafunga shangazi kaja linalofanana na mabegi mengine kumi ndani ya gari hilohilo, hana karatasi, hana namba ya simu juu yake. Tukifika Kahama abiria anashuka usiku, anavuta begi analodhani ni lake. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24, kwa hiyo vituo vingi vinafikiwa gizani. Andika jina kwa kalamu ya wino mzito pande mbili, weka na karatasi nyingine ndani, dai risiti ya mzigo, piga picha. Ukifanya hayo nami nina pa kuanzia kuutafuta.

MWALIMU: Nimezisikia njia mbili, na zote zina hatari. Ya barabarani inagharimu na ya nyumbani ina panya. Sasa tusikie walioko kule ambako binti anataka kuviacha. Baba mwenye nyumba?

MWENYE NYUMBA: Ahsante mwalimu. Mimi nina vyumba vya wanafunzi. Julai wananiambia, "Baba, naenda likizo, niachie vitu vyangu ndani, nitalipa nikirudi." Nifanye nini? Chumba chenye godoro lako hakipangishiki kwa mtu mwingine. Kwako ni stoo, kwangu ni kodi ya miezi mitatu iliyokufa. Nami nina watoto shuleni.

MWANAFUNZI: Lakini baba, ukidai kodi kamili nalipia chumba ambacho hakuna anayelala. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 150,000. Vitu vyote vilivyomo, ukitoa kompyuta ninayosafiri nayo, pengine havifiki fedha hiyo. Afadhali niviuze.

MWENYE NYUMBA: Wapo wanaouza, na wapo wanaotoroka usiku wakaniachia uchafu. Ila binti yangu, kuna njia ambayo nimeikubali kwa wanafunzi wanaokuja kuzungumza mapema. Wanne wanaungana, wanabaki na chumba kimoja tu, vitu vyao vyote vinaingia humo, na vyumba vitatu wananirudishia. Hiyo 150,000 wakigawana wanne, kila mmoja anatoa 37,500 kwa likizo nzima. Mimi napata vyumba vitatu vya kupangisha kwa wanaokuja kufanya mafunzo ya vitendo Dodoma. Shida ni kwamba wanakuja kuniambia siku ya mwisho, basi liko stendi linawasha injini.

MWALIMU: Ufunguo anakaa nao nani?

MWENYE NYUMBA: Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kufuli mbili. Moja yangu, moja yao. Hakuna anayeingia peke yake.

MZAZI: Hilo la kufuli mbili nalielewa. Lakini je, paa likivuja? Moto ukitokea?

MWENYE NYUMBA: Mama, Dodoma kati ya Julai na Oktoba mvua si adui. Adui ni vumbi na panya. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Ninachowaambia wasiache ni chakula. Unga uliobaki kwenye mfuko, dagaa, mafuta kwenye chupa iliyofunguliwa. Kilo moja ya unga inaita panya watakaotafuna vitabu vya mwaka mzima. Na waya wote utolewe kwenye soketi.

MLEZI: Upande wa chuo nao usikike. Wapo wanaotuuliza kwa nini hatuwaachii vyumba vya bweni likizo nzima. Sababu zipo. Bweni likiwa tupu ndipo mafundi wanapaka rangi, wanatengeneza mabomba, wanapuliza dawa ya kunguni mliyoizungumza. Huwezi kupuliza dawa chumba kimejaa nguo na sufuria. Wengine wanarudi mapema kufanya sapu, yaani mitihani ya marudio, nao wanahitaji vitanda. Kwa hiyo mwanafunzi anakabidhi chumba, anarudisha ufunguo, anasaini. Hatufanyi hivyo kwa ukatili.

MWANAFUNZI: Hatusemi mtuachie vyumba, mlezi. Tunasema tupeni stoo.

MLEZI: Stoo ipo kwenye mabweni kadhaa, ni chumba kimoja kwa mamia ya watu. Mwaka wa kwanza wa kuifungua inajaa magodoro, mwaka wa pili kuna mali zisizo na mwenyewe: mtu kamaliza chuo, mwingine kadisko kwa kufeli, mwingine kahamia chuo kingine. Hatujui tutupe au tutunze. Mtu akija akasema redio yake haipo, nani anayelipa? Ndiyo maana vyuo vingi vinaandika kwenye masharti ya malazi kwamba havihusiki na upotevu wa mali.

MWALIMU: Mlezi, hapo naomba nikushike. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamtambua mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze. Inamtaka aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo, awe amelipwa au hakulipwa. Uzito uko kwenye makabidhiano. Godoro likitelekezwa ukumbini, huyo hajakukabidhi kitu. Ukilipokea kwa mkono wako na kuliandika, umebeba dhamana.

MLEZI: Na hiyo dhamana ndiyo inayotuogopesha.

MWALIMU: Naielewa hofu yako, lakini kukimbia dhamana hakuwaondolei wanafunzi mzigo, kunauhamishia gizani. Nitawaeleza tukio ambalo watu wa Kagera hatujalisahau. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato, Bukoba, zilibomoka kiasi cha kufungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Siku kama hiyo hakuna anayefungasha kwa utulivu. Miaka mitatu na nusu baadaye likaja jambo jingine. Serikali ilifunga vyuo Machi 18, 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Vijana wengi waliondoka na begi moja wakidhani ni wiki chache, vitu vingine vikabaki nyuma yao zaidi ya miezi miwili. Mara zote mbili swali la baadaye lilikuwa moja: ulikuwa na nini, na ulikiacha wapi? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ndilo linalokosekana kwenye mjadala huu.

MZAZI: Mwalimu, sasa umenigusa ninapojua. Mimi sijasoma chuo, lakini napeleka pamba kwenye chama chetu cha ushirika. Ninapoishusha pale inapimwa, naandikiwa risiti yenye jina langu na kilo zangu. Sirudi nyumbani na pamba, narudi na karatasi, na nalala usingizi. Wakulima wa korosho kule kusini wana stakabadhi ghalani, kwa sheria ya mwaka 2005. Korosho iko ghalani, mkulima ana karatasi, na karatasi ile ina nguvu. Kama mkulima anapewa stakabadhi ya gunia, kwa nini mwanangu aache godoro, ndoo na vitabu akiwa na ahadi ya mdomo tu?

MWANAFUNZI: Mama, unahamia upande wangu?

MZAZI: Sihamii. Nataka kujua nani atasaini.

MLEZI: Mama amesema jambo ambalo ofisi yoyote inaweza kulifanya. Kinachohitajika ni fomu ya nakala mbili: jina, namba ya usajili, simu ya mwanafunzi na ya mzazi, orodha ya vitu, tarehe ya kuweka na tarehe ya mwisho ya kuchukua. Baada ya tarehe hiyo, vitu visivyochukuliwa vigawiwe au viuzwe kwa utaratibu unaojulikana tangu mwanzo. Hapo tatizo langu la mali zisizo na mwenyewe linakwisha. Na mwanafunzi akichangia ada ndogo, analipwa mtu wa kulinda na kununua dawa ya panya.

MWANAFUNZI: Tungechangia. Marekani vyuo vingi hufunga Mei na kufungua Agosti, na kuna kampuni zinazopangisha vyumba vya kuhifadhia vitu kwa mwezi. Public Storage, iliyo kubwa kati ya hizo, ilianza California mwaka 1972. Biashara ya namna hiyo haijafika Ng'ong'ona wala Changanyikeni. Lakini sisi ni wengi mahali pamoja, tuna serikali za wanafunzi: DARUSO pale Dar es Salaam, UDOSO kule Dodoma, na TAHLISO, jumuiya ya wanafunzi wa elimu ya juu nchini, juu yao. Wanaweza kukodi chumba kimoja kikubwa mtaani kwa miezi mitatu na kuwaandikisha wanaotoka mikoa ya mbali. Hata Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017 na kuchukua watu 3,840, hazikuwamaliza wanafunzi wa Mlimani wanaoishi mtaani. Kwa hiyo stoo ya bweni peke yake haitatosha. Wa mtaani nao wafikiriwe.

WAKALA: Na wale wa njia moja wapange pamoja. Wa Biharamulo, Ngara na Muleba wanapita Kahama na Nyakanazi wote. Wakikusanya mizigo yao ya lazima na kuisafirisha kwa pamoja, wanapatana bei moja na mtu mmoja anaisindikiza. Mwanafunzi anayekuja peke yake na godoro kichwani dakika kumi kabla ya gari kuondoka hana nguvu ya kupatana.

MWALIMU: Mama, kuna vitu ambavyo hutaki viachwe kwa hali yoyote?

MZAZI: Vipo. Vyeti. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, kitambulisho cha taifa, karatasi za mkopo, kadi ya bima. Hivyo vitembee na mwili wake. Godoro likiibwa nitauza mbuzi. Cheti kikiliwa na panya Dodoma, nani atanirudishia miaka?

MWANAFUNZI: Nakubaliana nawe, mama. Na kompyuta, simu, na daftari za mwaka huu ambazo nitazisoma likizo kama nina sapu. Nguo pia nitakuja nazo. Huku Septemba mvua zinaanza na kunakuwa na baridi ya asubuhi, nazihitaji.

MZAZI: Haya. Na hayo mengine utayaacha namna gani?

MWANAFUNZI: Godoro nalianika juani siku mbili, pande zote, nakagua mishono, nalifunga kwenye nailoni na kulilaza juu ya matofali, lisiguse sakafu. Shuka nafua kabla, sio baada. Vitabu naviweka ndani ya ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, panya hawatoboi kirahisi na mchwa hawaingii. Sufuria zinaingia ndani ya sufuria. Juu ya kila kitu naandika jina langu, namba ya usajili na kata yetu. Orodha naiandika nakala tatu: moja kwa mwenye nyumba, moja kwangu, na moja nakutumia picha kwenye simu.

MZAZI: Na asaini mbele ya shahidi.

MWENYE NYUMBA: Nitasaini, mama. Na mjumbe wa mtaa atashuhudia. Mimi pia nalindwa na karatasi hiyo. Binti akirudi na kusema alikuwa na televisheni, tutaifungua orodha.

WAKALA: Kuna vitu hata kuvitunza ni hasara. Jiko lililochoka, kiti cha plastiki kilichovunjika, meza ya mbao laini. Wa mwaka wa mwisho wauzie wanaobaki kabla ya mitihani kuisha. Ikifika siku ya kufunga kila mtu anauza, hakuna anayenunua, bei inaanguka. Aliyebaki na kitu mkononi anakigawa bure au anakitupa jalalani.

MWALIMU: Tunaelekea mwisho. Kila mmoja aseme amesimama wapi.

MWENYE NYUMBA: Viachwe, kwa mazungumzo ya Juni, sio ya usiku wa safari.

WAKALA: Basi libebe nguo, vyeti na vitabu vya lazima. Magodoro yabaki.

MLEZI: Viachwe kwa maandishi, na tarehe ya mwisho ya kuchukua iheshimiwe. Nitapeleka suala la stoo kwenye kikao cha menejimenti.

MWANAFUNZI: Naunga mkono hoja kama nilivyoanza, ila naongeza la mama: karatasi.

MZAZI: Nilikuja kupinga, na bado napinga kuacha vitu kwa ahadi ya mdomo. Ikiwepo stakabadhi, ikiwepo sahihi na shahidi, aache. Vyeti aje navyo.

Hapo mjadala unaishia, nami nitoe uamuzi wangu waziwazi. Hoja imeshinda, kwa sharti la mama. Mwanachuo wa Bisibo, au wa Ngara, au wa kijiji chochote kilicho mbali na chuo chake, hana sababu ya kulivusha godoro nusu ya nchi mara mbili kila mwaka. Fedha ya kulisafirisha ni chakula chake cha Oktoba, wakati bumu la kwanza halijaingia. Lakini kuacha mali bila orodha na bila sahihi ni kuichezea, na anayeumia ni mzazi aliyeinunua.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni usawa. Tumewatendea wanafunzi kana kwamba wote wanakaa karibu na chuo. Kalenda inasema "ondokeni ifikapo tarehe fulani", na sentensi hiyo ni nyepesi kwa wa Kimara na nzito kwa wa Biharamulo. Stoo yenye kufuli mbili na fomu ya nakala mbili haihitaji bajeti ya kitaifa. Inahitaji chumba, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, dawa ya panya na mtumishi mwenye daftari. Vyuo vyetu vinajenga upya kupitia mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeleta kampasi mkoani kwetu, Itahwa, Bukoba. Itawasogezea chuo vijana wa Kagera, na huku kwetu itawapokea vijana wa Lindi na Mtwara ambao kwao Bukoba ndiko mbali. Palipo na majengo ya wanafunzi, stoo ya likizo ihesabiwe pamoja na vyoo na jiko.

Kwa serikali za wanafunzi, nawaomba ajenda hii iingie kwenye kikao cha kwanza cha muhula wa pili, isisubiri Julai. Andikisheni wanaotoka mbali, tafuteni chumba, patanani bei, chapisheni fomu. Kwa wenye nyumba, kubalini vyumba vya pamoja, mtapata vyumba vingine vya kupangisha. Kwa wazazi wa Bisibo, mtoto akipiga simu kuomba nauli ya kurudi likizo, kabla ya kutuma fedha muulizeni mambo mawili: orodha ya vitu iko wapi, na nani amesaini.